Kompyuta ya gemu kwa bajeti ya kubana: kwa nini mashine ya binamu inaganda, na mimi ninunue nini?

#1 Tai wa Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Najipanga kuunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, ya kuchezea kwenye monita ya 1080p, na bajeti ni ya kubana. Kabla sijatoa hela kuna jambo linanitatiza.

Binamu yangu ana mashine ambayo nilitaka kuiiga kifaa kwa kifaa: Ryzen 5 5500, madabodi ya A520, kadi ya michoro ya RX 6600, ramu GB 16 ya DDR4-3200 (kipande kimoja), SSD ndogo ya SATA yenye Windows, na hadi diski (hard disk) ya zamani ambako ndiko gemu zote zilipo. Pawa saplai ni ya wati 500, jina silifahamu. Gemu za mpira na za kupigana inacheza vizuri mno. Lakini gemu za dunia kubwa, zile za kuzunguka mji mzima na gari, namba inasoma fremu 80 kwa sekunde na bado picha inaganda. Ukikata kona, inashtuka. Ukiingia mtaa mpya, inashtuka tena. Namba yenyewe haishuki sana, ila macho yanaona.

Tatizo liko wapi hapo? Na kwa bajeti ileile, nibadilishe kipi ili nisije nikanunua ugonjwa uleule?

#2 Jabali
Ramu. Kipande kimoja kinafanya kazi kwa chaneli moja tu. DDR4-3200 chaneli moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili zinapitisha 51.2. Prosesa inasubiri data, wewe unaona picha imeganda. Vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwisha habari.

#3 mama_wawili
Jabali umesoma hadi mwisho? Gemu zipo kwenye hadi diski! Hadi diski hata ikiwa nzima inasoma takriban MB 150 kwa sekunde, tena pale data ikiwa imepangana. Data ikiwa imetawanyika, kichwa cha kusomea kinahama huku na kule na kila kuhama kunakula milisekunde 10 au zaidi. Kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Fanyeni hesabu wenyewe. Ndiyo maana inashtuka akiingia mtaa mpya, huo mtaa ndio unasomwa kwenye diski muda huo.

#4 Nahodha
Mimi naona wote mnaizunguka prosesa. Hiyo 5500 watu wanaichukulia kama 5600 iliyopunguzwa kasi kidogo, na siyo. Zote zilitoka Aprili 2022, zote zina kore 6 na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), lakini 5600 ina keshi ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 32 na 5500 ina MB 16. Gemu inapenda keshi kuliko kitu chochote. AMD wenyewe walipoweka MB 96 kwenye 5800X3D, ikawapita ndugu zake wenye kasi kubwa zaidi. Mleta uzi, ongeza kidogo uchukue 5600.

Halafu 5500 inaishia PCIe 3.0, yaani toleo la zamani la njia za data kati ya kadi na prosesa. RX 6600 inatumia njia 8 tu, kwa hiyo kwenye PCIe 4.0 inapata karibu GB 16 kwa sekunde na kwenye 3.0 inapata nusu yake. Weka 5600 na hilo nalo linaondoka.

#5 FundiBisibisi
Nahodha nakubaliana nawe kwenye keshi, ila hapo mwisho nakusahihisha. A520 nayo ni PCIe 3.0. Hata uweke 5600 juu yake, kadi itabaki kwenye 3.0. Ili upate 4.0 unahitaji madabodi ya B550 au X570 pamoja na prosesa inayoiweza.

Na kwa RX 6600 tofauti ya 3.0 na 4.0 ni ndogo mradi GB 8 za kumbukumbu ya kadi hazijajaa. Zikijaa ndipo kadi inaanza kuchota kwenye ramu ya kompyuta kupitia njia hiyo nyembamba, na hapo kweli unaganda. Kwa hiyo kuna mshukiwa mwingine hajatajwa: ubora wa tekscha, zile picha zinazofunika kuta, barabara na vitu vya kwenye gemu. Binamu anacheza kwenye kiwango gani?

#6 Tai wa Usiku
Shukrani wakuu. Kila kitu ameweka juu kabisa.

#7 FundiBisibisi
Basi mwambie ashushe tekscha tu, ziwe za kati, vingine aviache vilevile. Kuganda kukiisha, ni kumbukumbu ya kadi. Kusipoisha, tunaendelea kutafuta. Hakuna sababu ya kununua kitu kabla ya jaribio la bure.

Na la pili la bure: abonyeze Ctrl+Shift+Esc, aingie kwenye utendaji, achague kumbukumbu. Pale panaonyesha ramu inakimbia kasi gani na nafasi ngapi zimetumika. Kompyuta nyingi ninazoletewa, ramu imeandikwa 3200 kwenye kibandiko na inakimbia 2133 au 2400, kwa sababu aliyeiunda hakuwasha XMP (mpangilio wa kuikimbiza ramu kwa kasi iliyoandikwa) kwenye baiosi, ile programu ya kuanzishia kompyuta. Mwenye mashine amelipia kasi asiyoitumia.

#8 Pweza8
Mnamchanganya kijana. Kama bajeti inabana achukue Xeon, zile prosesa za Intel za seva! E5-2680 v4 ina kore 14 nyuzi 28, madabodi za X99 ziko tele, na hela inayobaki yote inaenda kwenye kadi.

#9 Nahodha
Pweza kila uzi wewe ni Xeon tu 😄 Uzi wa kununua friji utakuta umeshauri Xeon.

#10 mama_wawili
Kwa kuhariri video sikatai. Kwa gemu, hiyo chipu ni ya 2016 na kore moja haivuki 3.3 GHz. Gemu nyingi zinaegemea kore chache zenye mbio, kore 14 za polepole zitakaa zinatazamana. Jambo jingine: Windows 10 ilikoma kupewa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo Xeon haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11. Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha). Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot. Kijana atajenga mashine ambayo siku moja gemu inakataa kufunguka, na hapo hata kadi iwe kali vipi haimsaidii.

#11 Pweza8
Mimi sichezi Valorant. Ila hoja ya TPM nimeipokea.

#12 Kinu
Wakuu, kwa nini mnampeleka AM4 (soketi ya hizo 5500 na 5600) mtu anayeanza upya? Hiyo soketi imekuwepo tangu Ryzen za kwanza 2017, imefika mwisho wake. Achukue AM5 na Ryzen 5 7600 au 7500F, AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Miaka miwili mbele anabadilisha prosesa peke yake, madabodi na ramu vinabaki. Kununua AM4 leo ni kununua mara mbili.

#13 Jabali
Marekebisho madogo: AM4 ilianza 2016 na chipu za A-series, Ryzen ndizo zilikuja Machi 2017.

Lakini Kinu, AM5 inakula DDR5 tu. Umeangalia bei ya ramu tangu mwishoni mwa 2025? Viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, ramu za watu wa kawaida zimepaa. Micron, watengenezaji wa ramu, walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana kabisa na biashara ya Crucial ya wateja wa kawaida. Mtu mwenye bajeti ya kubana unampelekaje huko?

#14 Kinu
DDR4 nayo imepaa, Jabali. Tena yenyewe viwanda vinaipunguza kabisa. Ukinunua DDR4 mpya leo unalipa bei ya juu kwa kitu ambacho huwezi kuhama nacho.

#15 Jabali
Mpya, ndiyo. Mimi naongelea iliyotumika. Ramu ni kifaa kinachozeeka polepole kuliko vyote humo ndani, na kuipima ni rahisi: MemTest86 kwenye flashi, iache usiku kucha. Ikipita, chukua.

#16 Msomaji Mtulivu
Nimekaa pembeni nafuatilia. Mbona Intel hamuitaji? i5-12400F kore 6 nyuzi 12, keshi MB 18, na soketi yake ya LGA1700 ina madabodi za DDR4 na za DDR5, unachagua mwenyewe kulingana na ramu uliyoipata. Hakuna mvutano wa Kinu na Jabali hapo.

#17 Pweza8
Intel si ndizo zilikuwa zinaharibika?

#18 Msomaji Mtulivu
Zilizokuwa na shida ni kizazi cha 13 na cha 14, volteji ilikuwa inapanda kupita kiasi. Agosti 2024 Intel walitoa marekebisho ya mikrokodi 0x129 na wakaongeza dhamana miaka miwili. Kizazi cha 12, kama hiyo 12400F, hakimo. Ukienda cha 13 au 14 kilichotumika, hapo uliza vizuri kama baiosi ilisasishwa mapema, kwa sababu marekebisho yanazuia madhara, hayaponyi chipu iliyokwisha kuumia.

#19 FundiBisibisi
Tunagombania soketi na hakuna aliyegusa pawa saplai. Wati 500 "jina silifahamu" ndiyo sentensi iliyonistua kuliko zote kwenye uzi huu.

RX 6600 inakula wati 132, 5500 ni chipu ya wati 65. Mashine nzima haifiki hata 300. Kwa hiyo wati zinatosha, kinachoniogopesha ni kilichomo ndani ya boksi. Na kibandiko cha 80 Plus kinasema umeme mwingi kiasi gani unapotea kama joto, hakisemi kama kuna ulinzi pale mkondo unapozidi. Kuna zenye kibandiko na nyaya laini kama uzi wa viatu. Angalia maandishi ya ubavuni, mstari wa volti 12: zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa wati 500 na mstari wa volti 12 unaleta 300, hiyo ni ya 300, nyingine ni mapambo. Nunua mpya, ya 550, yenye dhamana ya miaka mitano au zaidi. Kila kingine kwenye orodha unaweza kuchukua kilichotumika, hiki usichukue.

Na jambo ambalo watu hawaambiwi: zile pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa, nyaya za kampuni moja haziingiliani na za nyingine hata kama plagi inaingia vizuri. Nililetewa mashine, mwenyewe alibadilisha pawa saplai akaacha waya wa zamani wa SATA kwa sababu ulikuwa umeshafungwa vizuri nyuma ya kesi. Pini zimepangwa tofauti, volti 12 zikaingia panapotakiwa 5. SSD na hadi diski zote zikafa sekunde ileile aliyowasha. Picha za watoto wake zilikuwa humo.

#20 mama_wawili
Aisee. Pole yake huyo. Hili sikulijua kabisa.

#21 Tai wa Usiku
Nimerudi na majibu. Kwa binamu, ramu kweli ilikuwa 2400. Tumewasha XMP ikawa 3200. Rafiki yake akatuazima kipande kingine cha GB 16. Kuganda kumepungua, tena kunaonekana wazi, lakini hakujaisha. Kwenye mtaa uleule bado inashtuka, ila kidogo.

#22 Jabali
Nilisema ramu.

#23 mama_wawili
Ulisema "kwisha habari". Haijaisha. Ahamishe gemu moja tu kwenye SSD tuone.

#24 Nahodha
Na hata akihamisha, keshi inabaki MB 16. Chaneli mbili zinaisaidia 5500 kuliko zinavyoisaidia 5600, kwa sababu yenye keshi ndogo ndiyo inayokimbilia ramu kila mara. Hayo matokeo yenu yananiunga mkono mimi.

#25 Kinu
Kila mtu anaunga mkono hoja yake kwa ushahidi uleule 😄

#26 Tai wa Usiku
Tumehamisha gemu mbili kwenye SSD. Moja imetulia kabisa, imekuwa nyingine. Ya pili bado: mara ya kwanza kupita mahali inaganda, ukirudi mahali palepale ni laini. Tekscha za kati hazikubadilisha kitu kwenye hiyo ya pili.

#27 Msomaji Mtulivu
Hiyo ya pili inanukia sheda. Gemu inatafsiri programu ndogondogo za michoro kwa ajili ya kadi yako pale inapozihitaji mara ya kwanza, ikishatafsiri inahifadhi. Ndiyo maana mara ya pili ni laini. Ukisasisha draiva, hifadhi inafutwa na mchezo unaanza upya. Kama ni hivyo hakuna kifaa cha kununua kitakachoiondoa kabisa, prosesa yenye nguvu inafupisha tu muda wa kuganda.

#28 Nahodha
Au ni data imeshakaa kwenye ramu baada ya kupita mara ya kwanza, kwa hiyo mara ya pili haisomwi diski. Dalili ni zilezile. Windows inafanya hivyo kila siku. Azime kompyuta, aiwashe, apite palepale. Ikiganda tena ni data, isipoganda ni sheda, maana hifadhi ya sheda inabaki diskini hata ukizima.

#29 FundiBisibisi
Jaribio zuri hilo. Na awashe grafu ya muda wa fremu kwenye MSI Afterburner, asiangalie namba ya wastani. Fremu 80 kwa sekunde inaweza kuwa fremu 79 za haraka na moja iliyochukua robo sekunde. Mistari inayochomoza juu ndiyo unayoihisi machoni.

#30 Tai wa Usiku
Tutafanya wikendi. Upande wangu nimeshaamua kwamba gemu zinakaa kwenye SSD ya NVMe ya TB 1 na ramu ni vipande viwili. Kinachoniumiza kichwa sasa ni kadi. RX 6600 iliyotumika, RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika, Arc B580 mpya, au nijibane nifike RX 9060 XT ya GB 16?

#31 Kinu
9060 XT ya GB 16. Ina njia zote 16, kwa hiyo hata ukiiweka kwenye madabodi ya PCIe 3.0 haikabwi sana. RTX 5060 Ti ina njia 8 tu, na ile yake ya GB 8 ikijaa kwenye madabodi ya zamani unarudi kulekule kwa binamu. Tumia nusu ya bajeti yote kwenye kadi bila woga.

#32 mama_wawili
Nusu ya bajeti kwa mtu wa 1080p ni nyingi. RX 6600 bado inaweza gemu nyingi ukishusha vitu viwili vitatu, na inayobaki unaiweka kwa ajili ya monita na kiti. Mgongo nao unahitaji bajeti.

#33 Jabali
B580 ni nzuri, Desemba 2024, GB 12, ila inataka Resizable BAR (inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja) iwashwe, na inamwelemea prosesa kuliko kadi nyingine. Tatizo hilo lilionekana hata kwenye Ryzen 5 5600. Kama anakwenda AM5, sawa. Kama ni AM4, aipite.

#34 FundiBisibisi
Kwenye zilizotumika, kuwa na macho. Kuna RX 580 zenye maandishi 2048SP, zilitoka 2018, kiuhalisia ni nguvu ya RX 570 kwa jina la 580: vitengo 2048 badala ya 2304. Kuna kadi za zamani kabisa zilizobadilishwa baiosi zijiite za kisasa. Beba GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi, ichomeke kwenye mashine ya muuzaji, ikigundua udanganyifu inaandika wazi. Halafu cheza gemu nzito nusu saa ukiwa umesimama hapohapo, sikiliza feni, angalia joto. Muuzaji akikataa kukuonyesha kadi ikifanya kazi, rudi nyumbani na hela yako.

Zilizochimba sarafu za kidijitali wala si za kuogopa hivyo. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, zilizonusurika hadi leo zimeonyesha uimara. Feni ndizo huchoka, na feni inabadilishika.

#35 Nahodha
Hapo kwenye za uchimbaji sikubaliani na wewe fundi. Chipu za kumbukumbu zilichemshwa usiku na mchana kwa miaka. Kunusurika hadi leo hakusemi chochote kuhusu kesho.

#36 FundiBisibisi
Ndiyo maana nikasema nusu saa ya gemu nzito. Kumbukumbu iliyochoka inaonyesha madoa na mistari kwenye picha ikipata moto.

#37 Nahodha
Inaonyesha ikiwa imeshaharibika. Inayokaribia kuharibika haionyeshi.

#38 Pweza8
Samahani kuingilia. Nimenunua monita ya 144 Hz jana, nikilinganisha na ile ya zamani sioni tofauti. Nayo ni prosesa?

#39 mama_wawili
Xeon yako haina hatia safari hii 😄 Ingia kwenye mipangilio ya onyesho ya Windows, mara nyingi inaachwa 60 hadi uibadilishe mwenyewe. Ikikataa kupanda, angalia kebo. Tumia DisplayPort iliyokuja na monita, na ichomeke kwenye kadi, siyo kwenye madabodi.